Deni la Cherehani Nisiyoijua

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimenyimwa mkopo wa pampu! Modesta, afisa mikopo wa chama chetu cha akiba hapa Lushoto, kaniamkia vizuri, shikamoo na tabasamu, kisha akanigeuzia karatasi. Ripoti yangu ya mikopo. Ina deni la cherehani, tena limeshakabidhiwa kwa kampuni ya kukusanya madeni. Cherehani! Mimi hata kifungo nashonewa na mke wangu Efrazia.

Na Efrazia hatanii. Shamba la bondeni ni urithi wake. Kama mwezi ukiisha sina pampu ya kumwagilia, shamba anamkodisha mtu mwenye nayo.

Jumanne, 2 Septemba

Nimeisoma ripoti tangu chai ya asubuhi. Inanoga kama barua ya mtu mwingine. Kumbe niliwahi kukopa ng'ombe wa maziwa, nikalipa. Mabati pia, nikalipa kabla ya muda. Mtu safi sana mimi! Chini kabisa kuna mikopo midogo ya simu, haijalipwa. Hiyo naijua. Nilidhani ilikufa siku nilipotupa laini.

Mpango: nalalamikia cherehani tu. Ng'ombe namnyamazia.

Modesta akauliza kama mengine yote ni yangu. Nikasema yote. Akauliza ng'ombe anatoa lita ngapi. Nikasema inategemea.

Alhamisi, 4 Septemba

Sina raha mpaka nijue nani kachukua cherehani. Nimeitazama tena karatasi: anwani ya deni ni Mlalo. Mlalo! Babu yetu, Sefania Shemhilu, alikuwa na wana wengi, na kila mmoja alimpa mtoto wake wa kwanza wa kiume jina la mzee. Akina Sefania Shemhilu tunatosha timu ya mpira. Mmoja yuko Mlalo, sijawahi kumtembelea.

Nitamfuata. Nitamtisha kidogo, asaini kwamba deni ni lake.

Jumamosi, 6 Septemba

Nilifika nimekunja uso. Kumbe mwenzangu ni mkubwa kwangu! Ikabidi nianze na shikamoo, na ukali wote ukaishia hapo. Nikapewa maziwa. Nikaonyeshwa ng'ombe mwenyewe, mweusi mwenye mabaka meupe. Niliona uchungu kumwacha, maana kwenye karatasi ni wangu.

Cherehani, akasema kaka, ilifika mbovu. Aliirudisha dukani wiki ileile na stakabadhi anayo. Deni halikuwa hata lake! Kisha akaniuliza kwa upole jambo linalomsumbua mwaka mzima: naye amenyimwa mkopo wa pampu, eti anadaiwa mikopo ya simu asiyoijua. Je, mdogo wake nina fununu yoyote?

Nikasema dunia imeharibika. Nikaomba maziwa mengine.

Lakini ile stakabadhi! Nimemshawishi aje nayo kwa Modesta. Cherehani ikifutwa, ripoti yangu itang'aa.

Jumatano, 10 Septemba

Modesta alitukalisha pamoja, akasoma majina, akacheka mpaka akavua miwani. Alieleza kwamba zamani wakopeshaji waliandika jina na ukoo tu, siku hizi kuna namba za vitambulisho. Atapeleka malalamiko ili tutenganishwe. Nikasema hakuna haja, sisi ni ndugu. Kaka akasema haja ipo.

Ijumaa, 19 Septemba

Majibu yametoka. Cherehani imefutwa. Nimeshinda!

Ng'ombe kaenda kwa kaka. Mabati yameenda kwa kaka. Kwangu imebaki ile mikopo ya simu, pamoja na riba yake, na juu kabisa jina langu. Modesta kanishauri nilipe kidogo kidogo, rekodi itatengemaa. Nimeumia, nasema kweli. Zaidi kwa ng'ombe.

Efrazia kauliza habari za pampu. Nikamwambia iko njiani.

Jumanne, 30 Septemba

Pampu imefika. Ya kaka! Mara tu madeni yangu yalipotoka kwenye ripoti yake, alipewa mkopo. Amekuja nayo nyumbani kwangu, amenishukuru mbele ya mke wangu, akasema bila malalamiko yangu angesota mwaka mwingine. Efrazia hakupoteza muda, kamkodisha shamba la bondeni. Mimi nimepewa kibarua cha kuhamisha mipira ya maji, na Efrazia ameshaamua: ujira wangu utalipa mikopo ya simu.

Nilikaa nyuma ya jiko, nikakaribia kulia. Shamba lile nimelilima tangu tuoane!

Kisha nikausoma mkataba waliousaini. Mpangaji wa shamba: Sefania Shemhilu. Jina na ukoo tu, namba hakuna. Nikausoma tena, taratibu. Nimetoa nakala, na kesho asubuhi naipeleka kwa Modesta. Mtu anayekodi shamba zuri namna hii, nani atamnyima mkopo?