Kosa la Kuazima

Jumatatu, 10 Machi

Nimeanza. Siku tano za kukaa ubavuni mwa fundi wa programu za kompyuta na kutazama anavyofanya kazi, kisha usaili Jumamosi. Nafasi ni moja. Tuko wawili. Mimi, Ruelito Dacalos, miaka ishirini na saba, muuza makava ya simu wa zamani, mwenye cheti cha miezi sita. Na Bi Hermenia Tumulak, miaka arobaini na mitatu, aliyeuza dawa famasi tangu enzi na enzi. Nimemhurumia. Kazi imeshapata mwenyewe.

Fundi wetu ni Dada Marivel Ompad. Ndiye aliyeandika programu inayowatumia wagonjwa wa figo ujumbe wa simu kuwakumbusha siku ya kusafishwa damu, hapa Cebu na visiwa vya jirani. Nilitarajia kumwona akiigonga kibodi kama mvua juu ya bati. Wapi! Alikaa dakika ishirini anaitazama skrini, kidevu mkononi. Akafuta mistari arobaini, akaandika mitatu. Programu ikaenda kasi kuliko jana. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi kwa kuondoa. Nywele zilinisimama.

Bi Hermenia aliuliza maswali kumi na saba. Niliyahesabu. Hiki ni nini, kile kwa nini. Aibu niliona mimi. Mimi sikuuliza hata moja. Nilitikisa kichwa kama mtu anayekumbushwa mambo ya zamani. Miwani pia nilivaa, ya vioo vitupu. Dada Marivel aliniuliza kama naona vizuri. Nikasema naona mbali.

Jumanne, 11 Machi

Mkakati. Nimepata kwa rafiki kijitabu cha majibu mia moja ya usaili. Nilikariri hadi la sitini kabla ya chai. Mama mdogo Purita, ninayeishi kwake, alisema ningesoma hivi shuleni sasa hivi ningekuwa daktari, naye asingekuwa anachoma kuku wa kuuza kwa mikono yake mwenyewe.

Mchana Dada Marivel alitufanyisha usaili wa mazoezi. Alisema hataki majibu ya kukariri, anataka kusikia tunavyofikiri. Akanipa kalamu ya ubao. Kuna orodha ya majina elfu moja, yamepangwa kwa alfabeti. Nitalipataje jina moja haraka? Hilo halikuwamo katika sitini zangu. Nikatoa la karibu, namba thelathini na saba: udhaifu wangu mkubwa ni kwamba najituma kupita kiasi. Akanitazama kwa upole, akaniuliza kama lile jina tumeshalipata.

Bi Hermenia akasimama. Akasema dawa dukani kwao zilipangwa kwa herufi. Hakuwa anaanzia mwanzo. Alikwenda katikati, akatazama, akaachana na nusu isiyohusika, akaigawa tena iliyobaki. Dada Marivel akasema kuna watu hukaa darasani wiki nzima ndipo wakaelewa hilo. Bahati tu. Mtu aliyeishi kwenye rafu akiulizwa habari za rafu, atashindwaje?

Jumatano, 12 Machi

Leo nimeona kitu. Naandika polepole nisikipotoshe.

Saa tatu asubuhi simu ililia. Mzee mmoja wa kisiwa cha Bohol, wa kliniki iliyojiunga nasi juzi. Zamu yake ilikuwa leo, lakini ujumbe ulimwambia aje tarehe tatu Desemba. Aliuliza, kwa adabu kabisa, kama anatarajiwa kuishi hadi Desemba bila kusafishwa damu.

Dada Marivel alibadilika rangi. Nikadhani ataikimbilia programu. Hakuigusa. Alitoa orodha ya wagonjwa wa kliniki ile waliotakiwa leo, watu kumi na mmoja, akatugawia tuwapigie. "Kwanza watu," alisema. "Mashine haina haraka." Mimi nilipata wanne. Wa mwisho, bibi mmoja, alidhani mimi ni mjukuu wake, akanigombeza kwa kutompigia tangu Krismasi. Nikaomba radhi kwa niaba ya mjukuu, kisha nikamwambia atafute usafiri aende kliniki sasa hivi. Alikwenda. Wote kumi na mmoja walifika.

Ndipo Dada Marivel akaifungua programu. Nilisimama nyuma yake, sikupepesa. Mstari wa mia mbili na kumi na nne. Sisi tunaandika mwezi kwanza, kisha siku. Kliniki ile inaandika siku kwanza. Wao waliandika 12/3, yaani leo, programu ikasoma tarehe tatu ya mwezi wa kumi na mbili. Ingekuwa tarehe kumi na tatu programu ingekwama yenyewe tukajua, maana hakuna mwezi wa kumi na tatu. Kumi na mbili ilipita kimyakimya.

Akaenda ubaoni mbele ya ofisi nzima, akaandika: Kosa ni langu. Sikuwauliza wanaandikaje tarehe. Akaweka na jina lake. Hakumsingizia mtu wa kliniki, hakutaja haraka, hakutaja joto. Mkurugenzi, Bwana Escalona, alisimama akampa mkono. Mtu amekosea na amezidi kuwa mkubwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeipata siri ya kazi hii. Si akili. Ni kosa. Anayekiri kosa kubwa kwa sauti tulivu hupewa mkono na mkurugenzi. Na kijitabu changu, namba themanini na mbili, kinasema wataniuliza: tueleze kosa ulilowahi kufanya.

Shida ni moja. Sina kosa. Sijaandika programu ya maana, nitaikosea wapi? Nikamwomba Mama mdogo anisaidie kukumbuka. Alikumbuka bila kuvuta pumzi. Nilivyopaka banda lake rangi mvua ikinyesha. Nilivyomuuza jogoo wa jirani nikidhani ni wetu. Nilivyomposa binti wa watu kwa ujumbe ulioenda kwa baba yake. Nilimkatiza akiwa ndiyo kwanza anapata moto. Hakuna hata moja lenye hadhi.

Basi nimeamua kuazima. La Dada Marivel. Namheshimu mno, siwezi kuacha kosa zuri vile litumike mara moja tu. Na amesema Jumamosi anasafiri kwenda Bohol kuwaomba radhi wale wagonjwa ana kwa ana. Mungu hamtupi mja wake.

Ijumaa, 14 Machi

Jioni, mazoezi mbele ya wateja wa kuku. Nilisimulia kosa langu mwanzo hadi mwisho, mkono kifuani penye "sikuwauliza." Mwanamke mmoja aliacha kula, akafuta macho, akasema vijana wakweli namna hii wamebaki wachache. Mama mdogo alikohoa. Ama moshi, ama kicheko.

Mapema kazini Bi Hermenia aliomba tujiandae pamoja, mmoja aulize, mwingine ajibu. Nikakataa. Siri za vita. Hakununa. Alinigawia wali wake wa kufungwa kwa majani, akasema, "Kula, mdogo wangu. Njaa hufukuza akili." Ni mtu mwema. Inasikitisha kwamba atashindwa.

Jumamosi, 15 Machi

Niliingia saa nne. Nyuma ya meza alikaa Bwana Escalona na, kando yake, begi la safari miguuni, Dada Marivel. Meli yake ilikuwa ya saa tisa. Sikuwa nimeuliza.

Maswali mawili ya kwanza niliyasikia kama mtu aliye chini ya maji. La tatu likaja: tueleze kosa ulilowahi kufanya. Nilikuwa na nafasi ya kumtaja jogoo. Lakini kinywa kilikuwa kimeshakariri, kikaanza chenyewe. Kliniki mpya. Mzee wa Desemba. Mstari wa mia mbili na kumi na nne. Mkono kifuani. Sikuwauliza.

Bwana Escalona akaitazama dari.

"Pole sana," Dada Marivel akasema. "Ulijisikiaje?"

Nikasema nilijisikia vibaya. Hilo halikuwa la kuazima.

"Na ulilirekebishaje?"

Nikaenda ubaoni nikachora yote, jinsi alivyoilazimisha kila kliniki itaje mpangilio wake wa tarehe kabla haijatuma hata moja. Sikukosea hata nukta. Siku ile nilikuwa nimemtazama kweli.

Akavua miwani yake, yenye vioo vya kweli, akaifuta. "Mdogo wangu," akasema, "umelieleza kosa langu vizuri kuliko nilivyolieleza mimi. Ungesema tu kwamba ni langu, nisingekuwa na la kuuliza tena." Akacheka kidogo, bila ubaya. Nilitamani ile meli ije ofisini inichukue.

Majibu yalitoka saa saba. Kazi ni ya Bi Hermenia. Mimi nimeambiwa nirudi Juni nikae tena ubavuni mwa Dada Marivel, ila nije na programu moja niliyoiandika mwenyewe, hata ikiwa mbovu. Hasa ikiwa mbovu, alisisitiza. Akanipa mkono, akachukua begi lake, akaenda kuwaomba radhi watu kumi na mmoja. Nilimsindikiza kwa macho hadi akapotea. Hakuna mwingine kama yule.

Jumapili, 16 Machi

Nimetafakari kwa kina. Nimeona nilipopotea. Kosa la mtu halisimuliwi mwenyewe akiwepo. Ni hilo tu.

Mchana Bi Hermenia alikuja kula kuku. Nikampongeza kwa moyo wote, au nusu yake. Nikamuuliza yeye alitaja kosa gani. Akasimulia bila madaha. Mwaka wake wa kwanza dukani alimpa mama mmoja dawa ya presha ya mtu mwingine. Akagundua dakika mbili baadaye. Akatoka mbio na koti lake jeupe, kandambili moja ikabaki katikati ya barabara, akamkuta yule mama ameketi, chupa ya maji mkononi, kidonge tayari kwenye kiganja. Akakichukua, akakaa chini palepale akalia. Tangu siku hiyo hampi mtu kitu kabla ya kuuliza mara mbili.

Mama mdogo aliacha kupepea mkaa. Kosa zuri ajabu. Lina mbio, lina machozi, lina kandambili.

Nikamuuliza kidonge kilikuwa cha rangi gani, na yule mama alivaa nini. Alifurahi kwamba hatimaye nimejifunza kuuliza.

Kuna kampuni nyingine ng'ambo ya daraja, Mactan, ina usaili Jumanne. Kule hakuna anayemjua Bi Hermenia. Koti jeupe nimeshaazima.