Nyundo ya Daktari wa Meno

Alhamisi, 6 Machi

Wamefika! Wale wa kujitolea kutoka kanisani. Basi zima, fulana za njano, wamekuja kutujengea. Tangu tetemeko lile hatujaona tofali jipya mtaani hata moja. Nimekimbia kuwapokea mizigo mpaka kandambili imekatika. Sijali. Nataka jambo moja tu: bibi yangu atoke kwenye hema kabla mvua haijaanza. Anakohoa kama injini isiyotaka kuwaka. Akilala chini msimu mzima wa mvua... hapana, sentensi hii siimalizii.

Tatizo: kiongozi wao, mchungaji anayevaa kofia ngumu ya ujenzi kutwa nzima, amesema saruji haitoshi mtaa mzima. Jumatatu atatangaza nani anaanza. Nyumba yetu imebaki kuta mbili. Jirani yetu Mama Pacha naye mbili. Ameshaanza kuwapelekea chai, mwanamke yule! Na mapacha wake amewavua viatu ili wahurumiwe. Mchezo mchafu kabisa. Kwa nini sikuuwaza mimi?

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa kwanza. Asubuhi kabla ya kazi wanashikana mikono, wanasali, halafu mwenye ushuhuda anatoa. Nikajitosa. Nikasimulia Bibi alivyofukiwa na kifusi, akawa anaimba tenzi humo humo chini mpaka akachimbuliwa. Nilisimulia vizuri hadi mwenyewe nikalia. Mchungaji akavua kofia! Mara sauti kutoka nyuma. Bibi, anauliza huyo bibi ni yupi, maana yeye siku ile alikuwa chooni, na choo hakikuanguka. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nikajitetea eti nilikuwa natoa mfano. Mama Pacha akasema basi na mimi nifukiwe, kwa mfano.

Mpango wa pili, mchana: ufundi. Ujenzi nimejifunza mwenyewe kwenye simu, nani ataniambia nini? Hawa wajenzi wetu, jamani, ukiwauliza kazi zao utalia. Mmoja daktari wa meno, mmoja mhasibu, mmoja anafundisha piano. Fundi wa kweli wanaye mmoja tu, na tangu jana tumbo linamuendesha. Walikuwa wanarudishia ukuta wa shule. Daktari wa meno alikuwa anachanganya saruji kwa woga, nikamwambia aongeze maji. Akaongeza. Nikamwambia zaidi. Wenzake nao wakaiga, mifuko na mifuko. Ukuta ulisimama kidogo, ukalegea kama mdomo uliochomwa ganzi, ukalala chini. Na yeye akanishukuru kwa kujaribu! Upole wa watu hawa utaniua.

Jumapili, 9 Machi

Jana sikuandika, nilikuwa nawaza. Bibi alikuja mara mbili ana kitu cha kuniambia, nikamwomba aniache, hapa nafikiria maisha yake. Na nimepata! Mtu anahurumiwa kwa nini? Kwa kukosa. Sisi na kuta zetu mbili tunaonekana matajiri.

Leo ibada ilikuwa uwanjani, mtaa mzima ukaenda. Nikasingizia kichwa. Nyundo kubwa nilishaiazima kwa daktari wa meno, nikamwambia ya kupigilia vigingi vya hema. Kwaya ikipanda, napiga. Ikishuka, nami natulia kama muumini. Zile kuta ni ngumu! Tetemeko liliziacha. Ule wa pili ulipolala, kule uwanjani walikuwa wamefika kwenye aleluya. Vumbi! Nilikohoa kuliko Bibi.

Waliporudi nikapiga kelele kwamba ardhi imetikisika tena. Mapacha wakaangua kilio, wakagoma kuingia hata ndani ya hema. Mama Pacha amekaa nao nje, amewakumbatia, anatetemeka mwenyewe. Bibi alisogea kwenye kifusi. Aliinama akawa anagusa matofali, hili, na hili. Halafu akasema kuta hizo ni kazi ya mikono ya babu, alizijenga kabla baba yangu hajazaliwa. Hajawahi kuniambia. Au aliniambia, sikusikiliza.

Basi. Kesho tunachaguliwa.

Jumatatu, 10 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Mchungaji ametangaza. Kwa kuwa saruji nyingi iliharibika Ijumaa (aliniangalia? hakuniangalia?), iliyobaki haiwezi kuinua nyumba kuanzia chini. Kwa hiyo wanamalizia zilizo na kuta. Jumamosi walipita wakagonga kuta zote za mtaa, na zilizokuwa imara kuliko zote zilikuwa zetu. Sisi ndio tungeanza! Bibi walishamwambia. Ndicho alichokuwa anakuja kuniambia wakati mimi nafikiria maisha yake.

Mchungaji akanishika bega akasema Mungu ana makusudi yake. Nikaitikia amina. Daktari wa meno aliitazama nyundo yake niliyomrudishia. Ilikuwa na rangi ya bluu ya ukuta wetu. Akaifuta kwa fulana, taratibu, akaenda zake.

Wanaanza kwa Mama Pacha.

Jumamosi, 22 Machi

Wameondoka. Nyimbo, picha, kukumbatiana. Nyumba ya Mama Pacha imekwisha, vyumba viwili, bati jipya. Mvua nayo haikungoja, imeanza jana. Mama Pacha alikuja mwenyewe kwenye hema, akasema bibi wa watu halali kwenye maji wakati yeye ana paa. Akambeba na godoro lake. Na mimi nikaambiwa niende, pembe moja haikosekani. Nikakataa. Hema litalindwa na nani?

Jioni nilisimama chini ya dirisha lao. Bibi alikuwa anacheka na mapacha. Hajakohoa. Nikasikiliza mpaka nikalowa chapachapa.

Amenishinda hata kwa wema, mwanamke yule! Na sasa kila mtu atasema Bibi ana pa kukaa. Nyumba yetu itasahaulika kabisa.

Lakini mchungaji alisema mwezi ujao inakuja timu nyingine, ya kanisa jingine. Hao nao lazima watapita kukagua. Hema letu nimelikagua mimi kwanza. Lina tundu moja, dogo, linadondosha tone tone. Tone tone halimlizi mtu.

Nimeazima mkasi kwa Mama Pacha. Mkubwa, mkali. Mvua inazidi. Naanza juu ya pale ninapolala.