Barua Kumi na Moja za Bomba

Jumatatu, 3 Juni
Baridi kali. Maji ya ndoo yameganda juu. Halmashauri ya wilaya imetangaza kwamba mtaa wetu unapata bomba la umma. Moja. Hatimaye mke wangu Boitshepo ataacha kusukuma toroli la madumu mpaka shuleni. Nilifurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Ndipo wakapita watu wa halmashauri, wakapigilia kigingi langoni kwa Seleka.

Umbali hauniumi. Ni hatua arobaini, nimezihesabu. Kinachoniuma ni salamu. Kwetu anayefika ndiye anayesalimu kwanza. Seleka ataketi langoni, na mtaa mzima utamjia na ndoo, "Dumela, rra", yaani hujambo bwana, kutwa nzima. Mimi pia! Mwaka wa sita huu sijamsalimu, tangu aseme mbele ya watu kwamba fahali wangu ana uso wa mbuzi.

Boitshepo akasema basi maji atachota yeye, mimi niendelee kumtunza fahali na uso wake.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata mpango. Ofisini kwa halmashauri kuna sanduku la maoni, na juu yake wamebandika ahadi: kila barua itajibiwa ndani ya siku kumi. Nilikuwa tarishi pale miaka ishirini na miwili. Najua wanavyoiogopa ahadi hiyo. Barua moja wataiweka chini ya birika. Kumi na moja wataziitia kikao.

Nimeziandika zote leo. Kila moja inasifu lango langu, "lango la Rra Ditsele": udongo mgumu, kivuli cha kutosha, mwenye nyumba mpole. Nimetumia majina ya majirani. Ya Rra Tshipa, mwenye miaka themanini na mitatu, nimeiandika kwa mkono wa kutetemeka. Imependeza sana. Ya mwisho nikatia jina la Boitshepo, maana majirani wanaosoma walikuwa wameisha.

Boitshepo aliniona na kalamu, akauliza kama wenye majina wanajua. Nikamwambia mtu haombi ruhusa ya kumtendea jirani wema. Akaenda kufuata maji.

Ijumaa, 7 Juni
Barua zimo sandukuni. Mma Gofaone, afisa wa maji, amesema hajawahi kuona wananchi wenye mwamko namna hii. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kigingi kimeng'olewa, limebaki shimo. Seleka alipita mchana akiwa amenuna. Nikakohoa.

Jumanne, 11 Juni
Balaa. Chifu ametangaza kwamba barua zitajibiwa keshokutwa barazani, kwenye kgotla, mbele ya watu wote. Kila mwandishi ataitwa kwa jina asimame. Enzi zangu tulijibu barua kwa barua, barua ikapotea njiani, na kila mtu akaridhika.

Nikaamua kuwazungukia wote niwaeleze. Nilianza kwa Rra Tshipa. Akanikaribisha uji mchachu, akanieleza habari za magoti yake mpaka jua likakaribia kuzama. Nikaaga bila kugusia barua. Kwa Mma Sethunya sikuingia, nilisikia anacheka na mke wa Seleka. Nikarudi nyumbani.

Alhamisi, 13 Juni
Watu walijaa, kila mmoja na kiti chake. Nikaketi nyuma.

Mma Gofaone akamwita Rra Tshipa. Mzee akainuka taratibu. "Mwanangu, mimi kuandika sijui," akasema. "Lakini maadamu mmeniinua, na magoti yangu mnayajua, acheni niseme kabisa." Kwetu aliyepewa nafasi kwenye kgotla hakatizwi. Alisema dakika arobaini. Kwa kifupi, bomba liwe kwa Seleka, kwa kuwa Seleka hana mbwa anayeuma.

Akaitwa Mma Sethunya. Naye hakuandika, lakini kwa kuwa yuko wima, angependa kusema kwamba langoni kwa Ditsele pana mteremko, ndoo zitapinduka. "Halafu yule baba naye," akaongeza, "ukipita tu, anakukoholea." Watu wakacheka. Nikabana kikohozi cha kweli.

Ikawa hivyo mmoja baada ya mwingine. Watu kumi ambao wasingefungua mdomo mwaka mzima, na wote niliwapa nafasi mimi.

Wa kumi na moja akaitwa Boitshepo. Hakunitazama. Akasema amesukuma toroli miaka minne na mgongo wake umechoka. "Liwekeni popote, wazee wangu, bora liwe mapema. Kwa Seleka shimo lipo tayari." Akaketi. Hakuna aliyecheka. Niliona aibu, na siandiki zaidi ya hapo.

Chifu aliutambua mwandiko. Mimi ndiye katibu wa chama chetu cha mazishi. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba mtu mwenye uchungu wa bomba kiasi hiki ndiye afaaye kushika ufunguo wake. Nifungue kila asubuhi, nifunge kila jioni. Langoni kwa Seleka.

Jumatano, 26 Juni
Bomba limekamilika. Niliwahi mapema nimkute Seleka amelala. Nilimkuta kwenye kiti, amejifunika blanketi.

Nikafungua bila kumtazama. Maji yakatoka. Boitshepo alikuwa wa kwanza kwenye foleni, akaweka mkono chini ya maji akauacha pale, baridi yote ile. Seleka akasubiri. Foleni nzima ikasubiri.

Nikamsalimu.

Akaitikia vizuri, akauliza hali ya fahali. Nikasema hajambo. Kusema kweli haikuwa mbaya kama nilivyodhani.

Ijumaa, 28 Juni
Halmashauri imetangaza taa ya barabarani kwa mtaa wetu. Moja. Kigingi kiko kwa Mma Sethunya.

Nimelitafakari kosa langu kwa makini. Nilitumia majina ya watu wanaoishi hapa, wanaoweza kuitwa wakasimama. Safari hii nimechukua waliohamia Gaborone tu. Barua tisa ziko tayari.

Ya kumi nimeiandika kwa jina la Seleka. Huyo hana neno, siku hizi tunasalimiana.