Mimi Nilitazama Nywele, Wao Wakatazama Mikono

Jameni, leo nimevuliwa nguo mbele za watu. Nguo ninazo, bado nimezivaa hata sasa ninapoandika, lakini ni kama sina.

Nianze mwanzo ndio mnielewe. Mimi ni mwalimu wa gredi ya nne huko Muhoroni, miwa mbele, miwa nyuma. Mtoto wangu anaishi hapa Kisumu na mamangu, kwa sababu ana pumu na vumbi la matrekta ya miwa lilikuwa linamuua. Tunaonana wikendi tu. Siku hizi mamangu ndiye mtoto anamwita "Mama". Mimi ananiita "Mwalimu", vile anavyosikia majirani wakiniita. (Hiyo nilishazoea. Uongo, sijazoea.)

Sasa kukatokea nafasi. Nafasi moja tu! Mwalimu wa kufundisha walimu wenzake, ofisi iko hapa mjini. Ni mambo ya kisasa: mtoto anasoma nusu kwa tableti, nusu na mwalimu, na kila mmoja anaenda kwa mwendo wake. Kuomba, unatuma vidio ya somo lako. Ile itakayopendeza inaletwa kwa semina, walimu wanaichambua, na mwenyewe akifaulu hapo kazi ni yake. Nikatuma yangu. Ikachaguliwa! Jana jioni nikamwambia mtoto, "Muhula ujao nitakuwa nalala hapa nyumbani kila siku."

Akaniuliza, "Hata Jumatatu?"

Nikamwambia hata Jumatatu. (Huu mdomo wangu!)

Leo asubuhi nimefika ukumbini kabla ya viti. Nywele nimesuka, rinda jipya la soko la Kibuye, mtumba lakini mtumba wa kamera, ule wa juu kabisa. Afisa wa elimu amekaa safu ya mbele na chupa yake ya maji. Mkufunzi ni dada mmoja mpole kutoka Nairobi, anaongea kama mtangazaji wa redio. Projekta ikawashwa na mimi nikatokea ukutani, mkubwa kama bango la mwanasiasa.

Na vidio ilikuwa tamu, niamini. Somo la sehemu: nusu, robo, hayo. Kona moja watoto wako na tableti, kona nyingine wanakata miwa vipande wakipima nusu na robo, na mimi katikati nazunguka nikitabasamu. Nikiuliza swali, darasa lote mikono juu!

"Tazameni mikono!" mkufunzi akasema. "Hakuna mtoto aliyeachwa nyuma. Huu ndio ushiriki!"

Makofi. Nikasimama nikainama. (Nani alinituma kuinama?)

Kisha mkufunzi akasema, "Sasa tunaitazama tena. Safari hii nazima sauti. Msimtazame mwalimu. Kila meza ichague mtoto mmoja ambaye hajajibu swali, imfuate yeye peke yake mpaka mwisho."

Nikaanza kutafuta mlango kwa macho. Walimu wenzangu mnajua kwa nini. Kwa wale wengine, acha niseme tu, kwani bado kuna siri? Mgeni akija darasani, mtoto anayejua jibu anainua mkono wa kulia. Asiyejua anainua wa kushoto. Mgeni anaona mikono kila mahali, anafurahi, na mwalimu anachagua wa kulia peke yake. Hatuaibiki, mtoto haaibiki, mgeni anakunywa chai anaenda zake. Mimi nilifundishwa hiyo na mwalimu aliyenisimamia nikiwa mazoezi ya kufundisha, naye sijui alifundishwa na nani. Siku ya kurekodi niliona kamera nayo ni mgeni. Kumbe kamera hainywi chai ikaenda. Kamera inarudishwa nyuma!

Meza ya kwanza kuripoti ilikuwa ya Mwalimu Odhiambo wa kutoka Otonglo, mzee wa sauti nzito, karibu anastaafu.

"Mtoto yetu ni huyu msichana wa dirishani, mwenye sweta imetoboka kiwiko," akasema. "Ameinua mkono swali zote. Madam hajamuuliza hata moja."

Meza ya pili: "Hata wetu."

Meza ya tatu: "Hata wetu. Na huyu kijana wa mbele mbona anajibu kila kitu kama ameajiriwa?"

(Anaitwa Collins. Collins ndiye alikuwa akiba yangu.)

"Mnafikiri ni kwa nini hawaulizwi?" mkufunzi akauliza, roho safi kabisa.

Walimu wote wakaanza kuchunguza mandazi yao. Hakuna asiyejua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Nikawapenda wote kwa dakika hiyo. Halafu Odhiambo akakohoa, akamgeukia mkufunzi.

"Madam, tusidanganyane hapa. Hawa wa dirishani wameinua mkono gani?"

"Wa kushoto," mkufunzi akasema.

"Na huyo kijana?"

"Wa kulia."

"Eeh. Hiyo ni mkono ya wageni."

Woi! Ukumbi ulilipuka. Mmoja alipiga meza chai ikamwagika. Mwingine alitoa leso akafuta machozi. Walicheka kama watu waliokamatwa pamoja na mimi, isipokuwa picha iliyoko ukutani ni yangu. Afisa wa elimu peke yake hakucheka. Alifunga chupa yake ya maji akaiweka chini.

Nikajua yameisha. Bado!

"Ngoja," Odhiambo akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Ngoja kwanza. Rudisha hapo kidogo."

Wakarudisha. Ukutani nimeuliza robo mbili ni sawa na nini. Msichana wa dirishani ana vipande vyake vya muwa mezani. Anachukua robo mbili, anaziunganisha, anaziweka kando ya nusu. Anaangalia. Zinalingana. Anashusha mkono wa kushoto. Anainua wa kulia.

"Amebadilisha mkono!" mtu akapiga kelele. "Huyo mtoto amejua!"

Amejua kabisa. Ameinuka mpaka kiti kimebaki nyuma, anapunga huo mkono wa kulia. Na mimi, na nywele zangu, napita mbele yake hivi, karibu ningemgusa. Sauti ilikuwa imezimwa lakini kila mtu alisoma mdomo wangu.

Collins.

"Yawa," mama mmoja akasikitika huko nyuma, polepole.

Mkono ulikaa juu kidogo, halafu ukashuka. Swali lililofuata, akainua wa kushoto.

Hakuna aliyecheka tena. Afadhali wangecheka. Hiyo vidio nilikuwa nimeitazama mpaka nikaikariri kabla ya kuituma, na kila mara nilikuwa natazama nywele. Nikasimama nijitetee. Kitu pekee kilichotoka mdomoni ni, "Anaitwa Atieno." Nikakaa.

Wakati wa chai afisa akanipa mkono. "Mwalimu, tutawasiliana." (Mwenye kutafuta kazi Kenya anajua tafsiri yake.) Mkufunzi naye akaja mbio, macho yanang'aa. "Hiki kisa chako ni dhahabu! Naomba nikitumie kwa semina zote za hapa Kisumu."

Nikakubali. Kwa hivyo vidio yangu imepata kazi mjini. Mimi narudi Muhoroni.

Nimefika nyumbani sasa hivi. Mtoto amenikimbilia mlangoni. "Hata Jumatatu?"

Nimemwambia bado kidogo.

Akaniangalia, akasema, "Sawa, Mwalimu."

Nimejifungia chooni ndiyo maana naandika ndefu hivi. Jumatatu nikiingia darasani nitamuuliza Atieno robo mbili ni nini, kabla Collins hajafungua mdomo, na asiponijibu nitaelewa.

Na wewe unayetaka kunicheka hapo, inua mkono wa kushoto. Huo huwa siuoni.