Sura ya Marehemu Mudathir

Jumamosi, 1 Agosti 1992
Tumekutana tena kibandani kwa Anselmo, mwandika mabango wa hapa Tandika. Kila Jumamosi wachoraji tunaoneshana sura tulizochora. Leo Anselmo kaja na penseli za Dubai, kumi na mbili, kila moja na weusi wake! Na raba laini kama kitumbua. Nikamwambia penseli ni ya waoga. Mie kalamu ya kuchovya na wino, basi. Shule sikwenda, lakini enzi za Mwingereza nilimchora Bwana Shauri, yule DC wao, mpaka mbwa wake akaja kuilamba karatasi. Anselmo akasema labda ilikuwa na mchuzi. Wakacheka. Wivu tu.

Jumatatu, 3 Agosti
Ushindi! Bi Raudha, mjane wa nyumba ya tatu, kanichagua mie. Anataka sura kubwa ya marehemu mumewe, Mudathir, aitundike kabla ya hitima ya mwaka, Jumapili. Kanipa picha ya pasipoti. Kasema ndiyo hiyo moja tu duniani, nisije nikaichezea. Nikamwambia bibie, kalale, umefika kwa fundi.

Jumanne, 4 Agosti
Kuikuza picha, unaipiga miraba kwanza, halafu unahamishia kwenye karatasi ya manila mraba mmoja mmoja. Wengine hupiga kwa penseli, taratibu, wafute baadaye. Waoga. Nimepiga kwa wino. Mistari safi, imenyooka! Ndipo nikakumbuka picha inarudi kwa mwenyewe.

Jumatano, 5 Agosti
Nimejaribu mate. Wapi! Nimejaribu mafuta ya taa. Mistari ipo, anayefifia ni marehemu. Nikachukua wembe. Mistari imetoka. Na sura imetoka nayo. Yamebaki masharubu.

Ijumaa, 7 Agosti
Mudathir mwenyewe sijapata kumwona, mtaa huu nimehamia keshakufa. Si neno. Nimechukua kioo, nikajichora mie, nikaongeza masharubu. Katokea mwanamume wa haja!

Jumamosi, 8 Agosti
Nikaipeleka kibandani niwaringie kwanza. Bi Raudha huyo, kaifuata hukohuko. Kaitazama, kanitazama. Kauliza, we mzee, mbona umevaa masharubu ya mume wangu? Akataka picha yake. Nikampa. Kakaa chini palepale, mchangani. Kasema Mudathir Mungu alimchukua mara moja, we mzee umemuua ya pili.
Nikataka kueleza habari za wembe. Anselmo akaniambia shikamoo mzee, sasa nyamaza. Akamvutia bibie kigoda, akashika penseli, akamwomba amsimulie sura ya mumewe. Pua hivi? Hapana, nyembamba. Kafuta. Jicho? La kushoto dogo kidogo. Kafuta. Kidevu? Kafuta, kafuta tena. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia. Mara Bi Raudha kashika mdomo. Kasema ndiye, ndivyo alivyokuwaga akitaka chai. Akalia mpaka kanga ikalowa.

Jumapili, 9 Agosti
Hitima. Sura ya penseli iko ukutani. Nimekaa pembeni na pilau yangu, watu wote Anselmo fundi, Anselmo fundi. Fundi gani? Jana nilikuwa namhesabia kimoyomoyo: kakosea mara thelathini na saba, raba imebaki nusu.
Mie nimekosea mara moja tu.