Waraka wa Kukua

Inatangazwa kwa furaha, na kwa nakala tatu, kwamba kuanzia robo hii ya mwaka watumishi wote wa Idara ya Mihuri watakua.

Ndivyo ulivyoanza Waraka Namba Saba, na ninauthibitisha kwa kuwa niliupiga chapa mwenyewe. Mimi ni karani wa masjala. Kwa miezi mitatu nilikaimu pia nafasi ya Msajili wa Ukuaji, bila kiti cha ziada.

Mkurugenzi wetu, ambaye sote tulimwita Mkubwa, alikuwa ametoka kwenye semina ya siku mbili. Alirudi na mazoea matano ya kila siku yanayojenga fikra na kumkuza mtu: kuamka mapema, kunywa maji ya kutosha, kukaa kimya dakika kumi, kusoma kurasa tano, na kuandika mambo matatu unayoyashukuru. Ni mazoea mazuri, sina neno nayo. Kukaa kimya, kwa mfano, idara ilikuwa imezoea siku nyingi, hasa wateja wanapouliza.

"Nataka namba," Mkubwa aliniambia. "Ukuaji bila namba ni porojo."

Nilitafakari wiki nzima. Fikra hazipimwi kwa rula. Mwishowe nikafungua kamusi, nikakuta kwamba kukua ni kuongezeka kimo au ukubwa. Basi nikaandaa fomu yenye safu ya sentimeta, na zahanati ya jirani ikatuazima ubao wa kupimia kimo.

Mkubwa alipoiona fomu alicheka hadi akavua miwani. Halafu akairudisha machoni. Halafu akaniuliza vibarua wanaongojea ajira ya kudumu ni wangapi. Nikamwambia kumi na mmoja.

"Acha hivyo hivyo," akasema. "Andika: kibarua atakayekua, hata kwa sentimeta moja, ataajiriwa moja kwa moja. Asiyekua, mkataba wake ukiisha umekwisha." Akafikiri kidogo. "Na ongeza: mtumishi atakayepungua atashushwa ngazi moja, bila kujali cheo. Inapendeza. Inaonyesha haki."

"Na mtu akipungua kweli, Mkubwa?"

"Wewe nawe! Mtu mzima anapungua?"

Nia yake siijui, na fomu haikuwa na nafasi ya nia. Nilipiga chapa.

Upimaji wa kwanza ulifuata vyeo. Mkubwa alipanda ubaoni saa tatu asubuhi, na viatu vyenye soli nene kama mkate. Fomu iliuliza: amevua viatu? Nilimtazama, naye akanitazama.

"Soksi yangu ina tundu," alininong'oneza. "Andika ndiyo."

Niliandika ndiyo. Mita moja na sentimeta sabini na nne. Akasaini kwa madaha.

Saa kumi na moja jioni ndipo nilipowafikia vibarua, na wa mwisho kabisa alikuwa Mama Deki. Huyu alikuwa kibarua wa usafi kwa miaka tisa, akipewa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Siku hiyo alikuwa ameshapiga deki ghorofa zote tatu.

"Mwanangu," akasema, "nina miaka arobaini na minane. Nikue niende wapi?"

"Waraka hausemi kwenda wapi, mama. Unasema kukua tu. Ukifuata mazoea haya, utakua. La kwanza, kuamka mapema, saa kumi na mbili."

"Mimi saa kumi niko macho. Kwa hiyo nizidishe usingizi?"

Nilimwambia nitaulizia. Bado naulizia.

"La tatu, kukaa kimya dakika kumi."

"Nyumba ina wajukuu watatu, wewe unaniletea kimya! Kimya nakitoa wapi?" Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mama yao kaniachia mimi. Kazi hii ikiniponyoka, mwanangu, wale watoto watakula nini?"

Ubao ulisema mita moja na sentimeta hamsini na nane.

"Lakini umenipima jioni," akasema, akivaa kandambili zake. "Jioni mimi ni mfupi. Hata sketi yangu inajua. Asubuhi iko juu ya kifundo, jioni naikanyaga."

Niliyaandika maneno hayo kwenye safu ya Maoni. Safu ya Maoni haisomwi, lakini hujazwa.

Miezi mitatu ikapita kwa juhudi kubwa. Dereva alining'inia kwenye fremu ya mlango kila saa ya chai, hadi fremu ikarefuka yeye akabaki alivyo. Mhasibu alizitimua nywele zake juu, nikalazimika kutunga kanuni ndogo ya kubonyeza nywele. Nilikagua pia madaftari ya shukrani. Watumishi arobaini na mmoja walimshukuru Mkubwa kwa uongozi wake, na wote arobaini na mmoja waliandika "uongonzi". Sikutaka kuhukumu. Huenda walishukuru pamoja.

Siku ya upimaji wa pili, Bodi inayoisimamia idara ilimtuma Mjumbe, mama mmoja mwembamba asiyekunywa chai kwenye ofisi za watu. Alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ofisi nzima tulikuwa mimi na Mama Deki, ambaye ndio kwanza anajaza ndoo.

"Waliopo waanze," akasema Mjumbe. "Mama, weka ndoo chini. Vua kandambili."

Hamsini na tisa.

"Pima tena."

Hamsini na tisa tena. Mjumbe akasaini. Mama Deki alishika mpini wa deki kwa mikono miwili, kama mtu aliyesimama ndani ya gari linalokwenda kasi.

Vibarua wengine kumi, ambao husaini kuingia kazini saa moja kamili, walifuata mmoja mmoja. Tisa walikuwa wamekua. Watumishi wa kudumu walianza kuingia saa tatu, na kati yao hakukua mtu.

Mkubwa alifika saa kumi jioni, akitoka kwenye kikao.

"Vua viatu," akasema Mjumbe.

"Mimi?"

"Bila kujali cheo. Maneno yako hayo. Yanapendeza."

Akavua. Kidole gumba kikachungulia. Nilibonyeza nywele kama kanuni inavyotaka, nikasoma: mita moja na sentimeta sabini. Chumba kikaingia kwenye zoea la tatu.

"Umepungua sentimeta nne," akasema Mjumbe.

"Ni viatu!" Mkubwa akapiga kelele. "Mara ya kwanza nilikuwa na viatu! Karani, sema!"

Mjumbe akafunua daftari taratibu. "Amevua viatu? Ndiyo. Na saini ni yako. Unaniambia umesaini uongo kwenye daftari la idara? Uongo kwenye daftari ni kufukuzwa kazi. Kupungua ni ngazi moja tu. Chagua mwenyewe."

Mkubwa alinitazama mimi. Mimi nilikitazama kidole chake. Kwa saa ya ukutani alitumia dakika nne.

"Nimepungua," akasema.

"Sauti. Karani anaandika."

"Nimepungua!"

Niliandika.

Sasa ni Mkurugenzi Msaidizi, na meza yake iko kwenye chumba cha kupitia, karibu na masjala. Jumatatu iliyopita Mama Deki aliingia na ndoo yake, kitambulisho kipya cha kudumu kikining'inia shingoni. Zamani alikuwa akisubiri mlangoni hadi Mkubwa atoke ndipo apige deki.

"Inua miguu, mdogo wangu," akasema.

Msaidizi akanigeukia, akingoja nichukue hatua. Nilikwenda kabatini, nikafungua majalada yote mawili, nikalinganisha tarehe za kuzaliwa. Mama Deki anamzidi miaka minne na miezi miwili.

"Yuko sahihi," nikamwambia.

Akainua miguu.