Punda ni Wetu, Mtu Si Wetu

Ilitangazwa kwa pembe, kuanzia Mkomani hadi Langoni, ili asiwepo wa kusema hakusikia: Nyumba ya Uchukuzi ya Bwana Badawi, inayobeba maji, chokaa, boriti na mizigo ya forodhani kwa punda walioshiba, imefungua Baraza la Kupokea Malalamiko juu ya Mwenendo wa Waendeshaji. Yeyote aliyetukanwa, aliyekanyagwa au aliyechekwa na mwendesha punda atasikilizwa Alhamisi baada ya alasiri, kwenye daka, ukumbi wa mlangoni kwa Bwana Badawi, na atapewa kahawa.

Mji wa Amu, yaani Lamu, ulifurahi. Baraza la namna hiyo halikuwapo Pate wala Siu, na huko Mombasa, kwa habari zilizofika, watu walikuwa bado wanatukanwa bila utaratibu.

Bwana Badawi alikuwa na sababu zake. Watu walizoea kumsimamisha njiani, hata akitoka msikitini, wamweleze habari za waendeshaji wake: huyu kaimba pasipoimbwa, yule kamwacha punda akojoe kizingitini kwa sharifu. Mambo hayo yalimchosha, maana moyoni alikuwa na hakika kwamba hayamhusu. Punda alimnunua yeye. Mtu alikuja kwa miguu yake mwenyewe.

"Punda ni wetu," alimfundisha karani wake, Mselem. "Mtu si wetu. Mtu ni mwandani wa punda. Wanafuatana tu."

Mselem alisomea ukarani Unguja na hakuwahi kuona kanuni nzuri kama ile. Akaikariri.

Alhamisi ya kwanza alikuja mzee mmoja akasema, "Mtu wenu ameteka kisimani kwangu." Sasa, kwa Kiamu kuteka ni kuteka maji, na kuteka ni kucheka pia. Mzee alikuwa ameteleza kisimani akaanguka chali, na mwendeshaji akacheka mpaka akashika mbavu. Mselem wa Unguja alisikia maji tu. Baraza likaamua kwamba kuteka ni kazi halali ya mwendeshaji, na likamwomba mzee aongeze urefu wa kamba. Mzee akamaliza kahawa yake, akaenda zake ameduwaa.

Mwanamke mmoja akashitaki kwamba mwendeshaji amemwita mumewe gunia. Baraza likamwuliza kama punda naye alisema lolote. Hakusema. Shauri likafungwa.

Kwa mwendo huo malalamiko yote yalitatuliwa, na hakuna mwendeshaji hata mmoja aliyeonekana na kosa, kwa kuwa kwa mujibu wa kanuni hakukuwa na mwendeshaji hata mmoja. Bwana Badawi akaanza kulala usingizi mzuri.

Kisha akaja Bi Mwanamkisi. Huyu hakuwa mtu wa kupewa kahawa akanyamaza: alikuwa mjane wa nyumba kubwa, na ghala alilotumia Bwana Badawi lilikuwa lake.

"Nimekuya kwa ajili ya Gharib," alisema.

Gharib alikuwa kijana wa Kizingitini, kisiwani Pate, asiye na ndugu hata mmoja hapo Amu, na ndiye aliyepeleka maji mtaani kwa bibi huyo. Vichochoro vya mji ni vyembamba, kwa hiyo kila mwendesha punda hupaza sauti "Simile!" ili watu wampishe.

"Simile ya huyu haina haraka," alisema Bi Mwanamkisi. "Punda amepita kitambo, simile ingali mlangoni pangu. Na mwanangu Hadia akiisikia huata kazi, akenda dirishani. Juzi na yana meunguza mikate yote."

"Punda amekosa nini, bibi?" aliuliza Mselem.

"Punda sina neno naye. Punda ana adabu. Namtaka mwenye mtu."

"Mtu huyu hana mwenyewe, bibi," alisema Bwana Badawi kwa upole. "Si wetu."

Bi Mwanamkisi akaweka kikombe chini. "Amekuya kuposa, hujui? Amekuya peke yake, kofia mkononi. Nikamwuliza, mtu wako ni nani? Akanambia ni Bwana Badawi. Na weye wasema si wako! Nimpe mwanangu mtu ambaye akikosa sina pa kumshitaki? Huyo Gharib hana ubaya. Lakini hana mtu."

Hapo Bwana Badawi aliona hatari. Asipofanya jambo, ghala litamponyoka. Akimwadhibu Gharib, itaonekana ni mtu wake, na wote waliokunywa kahawa watarudi. Alifikiri mpaka jasho likamtoka chini ya kilemba, kisha akatoa hukumu: punda asimamishwe kazi hadi uchunguzi utakapokamilika.

Hukumu ile ilisifiwa kwa busara yake. Punda akafungwa uani, akaletewa majani mabichi kutoka Manda, akanenepa. Gharib hakuadhibiwa kwa lolote. Ila hakuwa na punda.

"Bwana, na mimi nitakula nini?" aliuliza Gharib.

"Hilo ni shauri lako, wewe ni mtu huru. Anayechunguzwa ni punda."

"Ataulizwa suali gani?"

"Mambo ya uchunguzi ni siri."

Siku zile Gharib alipita mtaani mikono mitupu, na mtu asiye na punda hana sababu ya kusema simile. Alipita kimya, kichwa chini. Kazi hana, posa hana. Dirishani kwa Bi Mwanamkisi kulikuwa na mtu aliyengoja sauti mpaka jua likachwa, na mikate ikawa haiungui tena, maana haikuwa ikiokwa. Nyumba nzima iliumia. Bwana Badawi aliandika kwamba malalamiko yamekwisha.

Ndipo moto ulipowaka Langoni, penye nyumba za makuti. Punda wengine wote walikuwa Shela wakibeba mawe. Gharib aliruka ukuta, akakata kamba ya punda aliye chini ya uchunguzi, akampakia mapipa ya maji. Punda alikuwa amepumzika na ameshiba kuliko punda yeyote wa pwani, akaenda mbio. Mwendo mmoja baada ya mwingine, kijana na punda, mpaka makuti yakaacha kutoa moshi. Watu wote walitoka salama.

Baada ya sala ya Ijumaa Liwali aliwakusanya watu mbele ya ngome. Mkononi alikuwa na joho lililotariziwa, na Gharib amesimama mbele yake.

"Ni nani mwenye kijana huyu?" aliuliza.

Bwana Badawi alikuwa amefika mbele kabla swali halijakwisha.

"Ni wangu," alisema. "Wala si mtumishi, Bwana Liwali. Ni mwanangu. Mwenendo wake wote umetoka kwangu."

Liwali, aliyekusudia kumvisha kijana, akaona si adabu kumpita baba. Akamvisha Bwana Badawi joho.

"Mumemsikia?" ilisema sauti ya Bi Mwanamkisi kutoka upande wa wanawake.

"Tumemsikia!" kiwanja kizima kikajibu, na waliojibu kwa nguvu zaidi ni wale waliokunywa kahawa.

Gharib akaja, akaubusu mkono wa Bwana Badawi. Machozi yalimlengalenga, na yalikuwa ya kweli. "Baba," alisema, "twende ukaniposee."

Pale palikuwa na Liwali, na joho lilikuwa tayari begani. Wakaenda. Bi Mwanamkisi alimkalisha baba mtu, akamsomea mashitaka yote tangu siku Gharib aliposhuka mashuani, na baba mtu akayakubali moja moja. Posa ikapokelewa. Ndoa ikafungwa na kaka yake bibi harusi, watu wakala pilau, na Hadia akacheka mpaka akasikika barabarani.

Lilibaki jambo la maji. Bwana harusi yumo fungateni, hatoki nje.

"Kazi yake hufanywa na jamaa zake," alisema Bi Mwanamkisi. "Nao ni akina nani?"

Bwana Badawi alitazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

Alhamisi iliyofuata baraza lilikaa kama kawaida, kwa kuwa hakuna aliyelivunja. Mlalamikaji wa kwanza alikuwa Bi Kulthum wa Mkomani. Alisema kuna mwendeshaji mpya, mzee, aliyevaa joho. Amemmwagia maji kizingitini, akapita uso juu, hata salamu hakutoa.

"Punda amekosa nini?" aliuliza Mselem.

"Punda alisimama akaningoja. Mwenye kosa ni mtu."

Mselem akageuka kutafuta shauri kwa bwana wake. Bwana Badawi alikuwa amesimama chini ya daka, kamba ya punda mkononi, joho limelowa hadi magotini. Daka lote lilikuwa likimtazama. Alisafisha koo.

"Naomba radhi, bibi," alisema.

Bi Kulthum akasema hakusikia vyema. Bwana Badawi akarudia, kwa sauti.